Mwanya wa Mutiso

Milcah alikuwa mpiga pasi. Mengine yote yalimjia baadaye, na kama yasingemjia pengine angezeeka na wanawe watatu wamemzunguka. Aliletwa Nairobi kutoka Butere na mumewe, Joash Were, mtu mrefu, mpole, asiyegusa pombe, aliyekuwa akipiga mihuri nyama katika machinjio ya Dagoretti. Walipanga chumba Kawangware, kwenye ploti ya mzee Jamleck. Hapo walizaa wavulana wawili, Zadock na Zedekiah, kisha kasichana, Caren.

Kila asubuhi Milcah alikwenda Parklands kwa miguu kupiga pasi katika nyumba ya Wahindi. Pasi ya umeme alikatazwa kuigusa, alipewa ile ya makaa. Na pasi ya makaa, anayeijua anajua, ina tabia yake: ikipoa sharti uipepee, na wakati unaipepea mkono mmoja hauna kazi. Mkono huo ndio uliomtia matatani. Watoto wa nyumba ile walikuwa wakitupa madaftari kabla hayajajaa, upande mmoja hesabu, upande wa pili mweupe. Milcah, aliyefika darasa la sita kabla ya baba yake kufa, aliona ni dhambi karatasi safi kwenda jaani. Akaanza kuandika. Shati moja, mistari miwili. Suruali, mistari mitatu, maana suruali inakula makaa. Shuka la kitanda kikubwa lilikuwa ukurasa mzima.

Aliandika kisa cha mwanamke mmoja mwenye mume mwema. Mume hapigi, halewi, lakini pia haulizi neno. Siku moja mwanamke yule anakutana bombani na mwanamume asiyetajwa jina, anayemwuliza, "Wewe unaonaje?" Hakuna aliyewahi kumwuliza anaonaje. Basi anakwenda naye siku moja, siku moja tu, na jioni anarudi nyumbani, anasonga ugali, wanakula. Kisa kimekwisha. Milcah alikisimulia kana kwamba mwanamke mwenyewe anasema: mimi nilikwenda, mimi nilirudi. Aliona hivyo kinatembea vizuri.

Mwaka wa 1966 jarida moja la hadithi, lenye ofisi ghorofani katika mtaa wa River Road, lilitangaza shindano. Milcah aliomba ruhusa ya nusu siku, akapeleka daftari lake kwa mkono. Mhariri alikuwa kijana mwenye tai nyembamba. Alisoma amesimama, kisha akakaa, akasoma tena.

"Nani amekuandikia?"

"Nimeandika mwenyewe, bwana."

"Mume wako ni mwalimu?"

"Anapiga mihuri nyama."

Mhariri akakuna shingo. "Na mwisho huyu mama hafi?"

"Hafi."

"Hata haugui?"

"Anasonga ugali, bwana. Umesoma."

Kijana yule akacheka mpaka akashika meza. Akasema hajawahi kuona kisa cha mke wa namna hii kisichomalizika kaburini au hospitali, na kwamba atakichapa. Ila kwa kuwa wanawake hawaandiki, wasomaji hawatasadiki bila kuona sura. Akamtuma studio apigwe picha. Milcah akapigwa picha na kitambaa chake cheupe cha kanisani, kwa sababu ndicho kitambaa kizuri alichokuwa nacho.

Zawadi ilikuwa kalamu ya wino, nyeusi, yenye mkia uliochongoka. Na nakala mbili za jarida. Hakumwambia mtu. Alitaka Joash alione mwenyewe, amshangae.

Sasa ni lazima tuseme kidogo habari za ushirika, maana asiyeujua hatayaelewa yaliyofuata. Joash na Milcah walikuwa watu wa wokovu. Kila Jumapili alasiri ndugu na dada walikusanyika kwa mzee Jamleck, Wakikuyu, Waluhya, Wajaluo, wote wakisema Kiswahili ili pasiwe na wa kuachwa nje. Huko mtu husimama mbele ya wenzake na kusema: mimi niliiba, mimi nilimchukia jirani. Hakuna anayekatiza. Akimaliza, watu humwimbia, wakamkumbatia, na jambo lile halitajwi tena. Na ukimkosea mtu, unakwenda kwake mguu kwa mguu ukapatane naye. Jamleck ndiye aliyekuwa kiongozi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lishikwe. Alikuwa na mashamba na ploti tatu, na mpangaji akifiwa hakumdai kodi mwezi ule.

Katika miaka yote ya ushirika ule, hakuna mtu aliyewahi kusimama akasema "mimi" akisimulia jambo lisilotendeka. Hawakujua kwamba linawezekana.

Jarida lilifika machinjioni Ijumaa. Ndani yake mlikuwa na visa viwili vilivyoshinda. Cha kwanza kiliandikwa na karani fulani wa kiume, naye pia alisema "mimi": mimi nilivunja posta, mimi nilikimbia na gunia la barua. Wapiga mihuri walikisoma kwa sauti katikati ya nyama, wakacheka hadi machozi. Joash alicheka kuliko wote. Hakuna aliyeuliza kama polisi wameitwa. Kisha wakafungua ukurasa, wakaona picha ya mke wa Joash na kitambaa cheupe, na chini yake: mimi nilikwenda, mimi nilirudi. Mchinjaji mmoja akasoma mistari mitano, akamkabidhi Joash jarida kama mtu anayekabidhi barua ya msiba.

Joash hakupiga kelele nyumbani. Aliweka jarida mezani, akakaa.

"Mama Zadock, mimi nilikukosea wapi?"

"Baba Zadock, ni hadithi. Nimeitunga."

"Picha ni yako."

"Ndiyo."

"Kitambaa ni cha ushirika."

"Ndiyo, lakini..."

"Mume hapigi, halewi." Aliweka kidole juu ya maneno hayo. "Mimi nakupiga? Mimi nalewa? Basi huyu ni nani, kama si mimi?"

Na kweli mume yule Milcah alimchukua kwa Joash, kama mtu anavyochukua chumvi iliyo karibu.

Jumapili iliyofuata Jamleck alimwita mbele kwa upole. "Dada Milcah, umesema gazetini kabla ya kusema kwetu. Haidhuru. Sisi tunakungoja."

Akasema tena kwamba ametunga. Kwamba ni kama mifano ya Bwana.

"Bwana," akasema Jamleck, "alisema mtu mmoja alikuwa na wana wawili. Hakusema mimi nilikuwa na wana wawili."

Watu wakaguna. Lilikuwa jibu zuri, na Milcah mwenyewe aliona ni zuri.

"Dada, tukikubali kwamba hukutenda, basi umewaongopea watu wa nchi nzima na picha yako juu. Tubu uongo."

"Basi natubu uongo."

Ndipo mama mmoja wa nyuma akasema kile ambacho wengi walikuwa wakikiwaza: "Anatoa kidogo afunike kikubwa." Wimbo ambao ungeimbwa haukuimbwa.

Kuanzia hapo Milcah aliwekwa nje. Hakuna aliyemtukana. Walimsalimu, "Bwana asifiwe, dada," na kupita. Lakini mtu aliye nje huli naye sahani moja, na Joash alikuwa mtu wa kushika neno. Akawa anakula kwa Jamleck. Milcah alipika kila jioni, akaweka sahani, na kila asubuhi ugali wa Joash aliwapa kuku wa jirani. Joash alikonda. Mtu anaweza kumchukia mume anayepiga, lakini huyu alikuwa akilia akifunga viatu.

Mwezi wa tisa akamwambia, bila hasira, kwamba shule zikifungwa atawapeleka watoto wote kwa mama yake, Butere. "Sitaki walelewe gizani."

"Na mimi?"

"Wewe ukija nuruni, watarudi."

Kesho yake Milcah aliunguza shati. Mkono wake ulisahau. Jioni alikwenda kwa Wamucii, jirani aliyekuwa akiuza maziwa, mwenye mdomo mkubwa na moyo mkubwa, dada wa ushirika pia, lakini aliyekuwa akimletea Caren maziwa kwa kuficha.

"Wewe, sema tu ndiyo," Wamucii akamwambia. "Wataimba, wataosha, yaishe. Unajua ile sukari ya mama mchungaji?"

"Ile uliyotubu?"

"Sikuiba mimi! Sijui nani aliiba. Lakini walikuwa wananiangalia hivi, kila Jumapili, hivi." Akatoa macho kama chura. "Nikachoka. Nikasimama nikasema ni mimi. Wakaniimbia, tukakunywa chai. Yenye sukari."

Milcah akacheka, mara ya kwanza kwa miezi miwili. "Lakini hii si sukari, Wamucii."

"Watoto wako nao si sukari. Fikiria."

Akafikiria. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi alisimama katikati ya watu. Joash alikuwa mbele na wavulana. Wamucii alikuwa karibu na mlango, amempakata Caren, miaka mitatu, anayetafuna ukingo wa shali yake.

"Ndugu," akasema Milcah, "ni kweli. Mimi nilikwenda."

Kelele ya furaha iliyopanda pale, mtu angedhani kuna harusi. Walimwimbia, wakamkumbatia mmoja mmoja, Jamleck akamshika mikono na machozi yakimtoka. Joash alimtazama kama anayeona mtu akitolewa mtoni akiwa hai. Yangeishia hapo. Lakini Jamleck alikuwa mtu mkamilifu katika mambo yake, akainua mkono watu wanyamaze.

"Sasa, dada. Yule ndugu naye ni roho ya mtu. Ndugu Joash lazima aende akamsamehe. Ni nani?"

Hilo Milcah hakulitayarisha. Katika kisa chake mwanamume yule hakuwa na jina wala sura, alikuwa swali tu. Na mkono ule usio na kazi, ule wa kupepea pasi, ukaamka wenyewe.

"Anaitwa Mutiso."

"Anafanya nini?"

"Fundi wa baiskeli. Dagoretti Kona."

"Tutamjuaje?"

Milcah akainua macho atafute sura ya kumpa. Mbele yake, karibu na mlango, Caren alikuwa ameachia shali na kumchekea mama yake. "Ana mwanya," akasema. "Hapa mbele, katika meno ya juu. Akicheka, unaona mwanya kabla ya kumwona yeye."

Ilikuwa sentensi nzuri. Alijua ni nzuri saa ileile ilipomtoka. Na kila mtu akasadiki. Alipokuwa akisema kweli hawakumwamini hata robo, na kwa Mutiso wangekula kiapo.

Joash na Jamleck walikwenda Dagoretti Kona Jumamosi mbili. Walikwenda kwa kusamehe, si kwa kupigana. Jamleck alibeba hata mkate. Wakapita fundi kwa fundi. Wengine waliwacheka: "Mzee, mnatafuta mtu awapigie pampu ama awapigie bibi?" Joash alivumilia. Hapakuwa na Mutiso mwenye mwanya. Hapakuwa na Mutiso.

Jumamosi ya pili alirudi mchana, jua kali. Milcah alikuwa amemketisha Caren kizingitini akimlisha uji. Mtoto akamwona baba yake, akacheka.

Joash alisimama pale mlangoni. Alisimama muda mrefu, na Milcah, akiwa na kijiko mkononi, akaona macho ya mumewe yanatazama wapi. Ndipo alipoelewa alichokuwa amekifanya.

"Baba Zadock. Baba Zadock, nisikilize. Huo ni mwanya wa baba yangu. Baba yangu alikuwa nao."

"Baba yako sikumwona."

"Muulize mtu yeyote kwetu."

"Wa kwenu watasema nini?" Alizungumza polepole. "Kwetu hakuna mwenye mwanya. Mama hana, baba hana, hawa wavulana hawana."

"Mutiso hayuko! Hukumwona kwa sababu hayuko! Nilimtazama mtoto, nikasema lililokuja."

"Ulisimama mbele ya Mungu na watu."

"Mlinisimamisha!"

Joash akainama, akamgusa Caren kichwani, akauondoa mkono. "Unamficha," akasema. "Hata sasa bado unamficha."

Mwezi wa kumi na mbili alipanda gari moshi na Zadock na Zedekiah. Caren hakupandishwa. Milcah alisimama stesheni amembeba, na Zadock akampungia mkono dirishani akidhani ni likizo. Mwaka mpya Joash aliomba kazi Kisumu, akapata. Aliandika barua moja tu, yenye adabu, akimtakia neema. Wavulana waliambiwa wanavyoambiwa watoto.

Wale Wahindi wa Parklands waliuza nyumba mwaka wa 1968, wakaenda zao Uingereza. Milcah akabaki bila pasi na bila madaftari. Jamleck hakumfukuza kwenye chumba, ila akipita uani aligeuza uso. Mwishowe alihama mwenyewe, akapata kiti katika kibanda cha kusuka nywele Kenyatta Market, mahali moshi wa nyama choma unaingia hata kwenye vitambaa. Mikono yake ilikuwa myepesi, wateja hawakukosa. Ile kalamu ya zawadi ilikuwa imekauka siku nyingi. Mkia wake uliochongoka aliutumia kugawia nywele, mstari kwa mstari, na wateja walisifu jinsi mistari yake ilivyonyooka. Kuandika hakuandika tena, hata barua alimpa mtu mwingine amwandikie.

Siku moja mwaka wa 1976 alimsuka msichana wa chuo kikuu aliyekuwa na kitabu mapajani. Kimeandikwa na mwanamke, msichana akasema. Siku hizi wanawake wanaandika, hata yeye ana visa vyake, na katika visa vyake mke akichoka anaondoka.

"Na unasema ni wewe?"

"Wakati mwingine nasema mimi, ndiyo."

"Na watu hawakuulizi kama ni kweli?"

"Wakiuliza, mama, nawaambia wanunue kitabu." Akacheka.

Milcah akagawa mstari mwingine. "Inamisha kichwa," akasema.

Caren alikua. Alikuwa na miaka kumi na minne alipopata habari kutoka kwa binti ya Wamucii, katika ugomvi wa ndoo bombani: wewe nyamaza, wewe ni wa Mutiso. Alikuja Kenyatta Market na sare ya shule, akasimama mbele ya kiti mteja akiwa nusu amesukwa.

"Mama, baba yangu ni nani?"

"Baba yako ni Joash Were."

"Joash Were alinikataa. Nataka yule mwingine."

Mteja akajifanya amelala. Milcah akamwambia yote, palepale, bila kupunguza, pasi na madaftari na ushirika na macho yake yalivyokwenda mlangoni siku ile. Akafungua kibweta chake cha vitana, akatoa lile jarida la pili, lililobaki. Caren akasoma amesimama, vilevile kama mhariri alivyosoma. Aliitazama picha, akayatazama maneno.

"Ni wewe hapa."

"Picha ni yangu. Huyo anayesema si mimi."

"Na huu?" Caren akauonyesha mwanya wake.

"Wa babu yako."

"Kuna picha ya babu?"

"Hakupigwa picha."

Caren akakunja jarida taratibu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomwuma Milcah zaidi. Alikuwa na sura ya Joash hasa, Joash wa mezani, yule mpole wa kusikitikia watu. "Waliniambia utasema hivyo," akasema. "Kwamba wewe unamficha tu." Akaondoka.

Jumamosi iliyofuata Caren hakulala kitandani asubuhi kama desturi yake. Milcah alipoamka alikuta sare imekunjwa na gauni la Krismasi halipo. Hakuuliza mtu. Alifunga kitambaa, akachukua barabara ya Ngong kwa miguu, mpaka Dagoretti Kona.

Mafundi wa baiskeli walikuwa wamepangana chini ya mabati kama siku zote, magurudumu yananing'inia. Wa tatu kutoka mwisho alikuwa mzee mwenye kofia ya manyoya, ameinamia tairi ndani ya karai la maji akitafuta tobo. Mbele yake, juu ya kopo lililopinduliwa, Caren alikuwa ameketi amenyoosha gauni lake, mikono juu ya magoti. Hakuwa na baiskeli. Alikuwa akimsimulia mzee yule kichekesho cha shuleni, huku akimkazia macho mdomoni, akingoja acheke.